Kabla Hujanunua Mipira ya Dripu, Pima Maji ya Kisima Chako

Leo tuongelee kitu ambacho wengi wanakikumbuka pesa ikishaisha: ubora wa maji ya kisima.

Mambo huwa yanakwenda hivi. Kijana anapata ekari mbili tatu, anamwita fundi wa kupima maji, mashine inakuja, kisima kinachimbwa. Maji yakiruka juu watu wanapiga picha na kushangilia. Mchimbaji anaacha karatasi inayosema kisima kinatoa lita kadhaa kwa saa. Kesho yake kijana yuko dukani ananunua pampu, tenki na mipira ya dripu. Msimu wa kwanza vitunguu vinatoka vizuri tu. Wa pili vinadumaa. Msimu wa tatu udongo una ukungu mweupe juu, na miche inakauka kingo za majani kama imepitiwa na moto. Hapo ndipo anatuita sisi maafisa ugani, akidhani ni ugonjwa.

Karatasi ya mchimbaji inakuambia wingi wa maji. Haikuambii maji hayo yamebeba nini. Kwa mkulima wa biashara, swali la pili ni kubwa kuliko la kwanza: kisima chenye maji kidogo utakihudumia kwa kulima eneo dogo, lakini kisima chenye maji mabaya kinaweza kukuharibia shamba lenyewe.

Kuonja hakutoshi

Nasikia sana maneno haya: "Maji yetu ni matamu, tunakunywa, yatashindwaje kunywesha nyanya?" Ulimi wako haujui sodiamu wala boroni. Kuna maji yanayonyweka kabisa lakini yanaua maharage polepole. Kuna mengine yana ladha ya chumvi kidogo, na nyanya zinaendelea vizuri. Binadamu na mmea hawana kipimo kimoja.

Tena mmea unakunywa maji na kuiacha chumvi. Jua nalo linavukiza maji na kuiacha chumvi. Kila siku unapomwagilia, chumvi inabaki pale kwenye mizizi. Ndiyo maana tatizo halionekani mwezi wa kwanza.

Fanya hesabu hii uone. Tuseme kisima chako kina chumvi ya kiasi cha kati, yaani EC ya 1.5 (maana yake nitaieleza hapa chini). Maji hayo yana karibu gramu 960 za chumvi katika kila mita ya ujazo, yaani katika kila lita 1,000. Ukimwagilia milimita 500 kwa msimu, ekari moja inapokea kama mita za ujazo 2,000. Zidisha: hizo ni karibu kilo 1,900 za chumvi. Tani mbili kasoro kidogo, kwenye ekari moja, kwa msimu mmoja. Hakuna mtu mwenye akili angekubali lori limwage tani mbili za chumvi shambani kwake, lakini pampu inafanya hivyo kimyakimya.

Kwa nini visima vinatofautiana

Maji ya ardhini yanachukua tabia ya mahali yalikopita na muda yaliokaa humo.

Dodoma na Singida mvua ni kidogo. Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hushuka katika msimu mmoja. Jua ni kali na maji yanakaa muda mrefu kwenye miamba, kwa hiyo maji ya chumvichumvi ni jambo la kawaida. Visima viwili vilivyoachana mita mia chache vinaweza kuwa na majibu tofauti kabisa.

Kaskazini, kuzunguka Mlima Meru na bonde la ufa, miamba ni ya volkano. Huko maji mengi yana sodiamu, bikaboneti na madini ya floraidi. Chumvi ya jumla inaweza isitishe, ila sodiamu ikawa tatizo. Haya ndiyo wenyeji wanayaita maji ya magadi.

Ukanda wa pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara pamoja na Zanzibar, tishio ni bahari. Maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari humo ardhini. Wataalamu wana kanuni yao: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inasimamia takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Sasa ukivuta kupita kiasi ukashusha mita hiyo moja, maji ya chumvi yanapata nafasi ya kupanda sana. Kwa hiyo kisima cha pwani kinaweza kuanza kitamu na kugeuka baada ya misimu michache.

Maji pia hubadilika na miaka. Bonde la Makutupora, ambalo limelisha Dodoma maji ya visima kwa miongo mingi, limechunguzwa sana. Ilionekana kwamba maji yake hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi na miaka michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Nino ya 1997/98. Funzo kwako ni kwamba kipimo cha mwaka mmoja hakikupi ruhusa ya miaka kumi.

Maswali manne ya kuuliza maji

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwongozo wa ubora wa maji ya umwagiliaji ulioandikwa na Ayers na Westcot, ukaboreshwa mwaka 1985. Mpaka leo ndio unaotumika sana. Ukiufupisha, unakuachia maswali manne:

1. Chumvi yote kwa jumla ni kiasi gani? Hii inauzuia mmea kunywa.
2. Sodiamu ni nyingi kiasi gani ukilinganisha na kalsiamu na magnesiamu? Hii inaua udongo.
3. Kuna kitu chenye sumu kwa mmea, hasa kloridi na boroni?
4. Maji yataziba dripu?

Twende moja baada ya jingine, ila kwanza sampuli. Sampuli ikiwa mbovu, majibu yote ni bure.

Namna ya kuchukua sampuli

- Tumia chupa safi ya plastiki ya lita 1. Usitumie chupa ya juisi, ya dawa ya shambani wala ya mafuta.
- Washa pampu iache maji yatoke kwa dakika 30 hivi kabla ya kuchukua. Yale yaliyolala kwenye bomba hayawakilishi kisima.
- Chukua pale maji yanapotoka kisimani. Usichukue kwenye tenki.
- Suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, kisha jaza mpaka juu kabisa, hewa isibaki.
- Andika juu ya chupa: jina la kisima, kijiji, kina, tarehe na saa.
- Weka kwenye boksi lenye barafu, mbali na jua, ufikishe maabara siku hiyo au kesho yake.
- Kwa kipimo cha chuma, iombe maabara chupa ya pekee yenye tone la asidi, maana chuma hutuama njiani na majibu yakaja ya uongo.

Wapi pa kupeleka? Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji katika mikoa mbalimbali. Kwa upande wa kilimo, ipo maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na ya TARI Mlingano, Tanga. Piga simu kwanza uulize bei na vipimo wanavyofanya, kwa sababu ukisema tu "nipimieni maji" utapimiwa ya kunywa. Sema hivi: "Nataka kipimo cha maji ya kumwagilia: EC, pH, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kaboneti na bikaboneti, kloridi, salfeti, naitreti, boroni, chuma na manganizi." Iandike hiyo sentensi kwenye simu yako sasa hivi.

Pima mara mbili mwaka wa kwanza: mwisho wa kiangazi na baada ya mvua. Baadaye mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, maana huo ndio wakati mbaya zaidi.

Swali la kwanza: chumvi ya jumla

Kipimo chake ni EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme. Maji yakiwa na chumvi nyingi, umeme unapita kirahisi. Kizio ni desisimensi kwa mita, dS/m.

Angalia vizio usichanganyikiwe. dS/m 1 ni sawa na mS/cm 1, na ni sawa na µS/cm 1,000. Majibu yakisema 1,500 µS/cm, hiyo ni 1.5. Wengine wanapima kwa miligramu kwa lita za chumvi iliyoyeyuka. Kwa makadirio, zidisha EC kwa 640. Vile vikalamu vya mtaani vinavyoonyesha ppm, baadhi vinazidisha kwa 500 na vingine kwa 700. Bora ununue kinachoonyesha EC yenyewe, pamoja na maji yake ya kusawazishia.

Kwa mwongozo wa FAO:

- Chini ya 0.7: hakuna tatizo.
- 0.7 hadi 3.0: yanatumika, ila chagua zao na ubadilishe usimamizi.
- Zaidi ya 3.0: tatizo kubwa.

Wengi wetu tuko hapo katikati, na hapo katikati zao ndilo linaloamua. Hivi ndivyo viwango vya EC ya maji ambavyo zao linaweza kuvumilia bila kupunguza mavuno, ukiwa unamwagilia vizuri na maji ya ziada yanashuka chini:

- Maharage na karoti: 0.7
- Kitunguu: 0.8
- Pilipili hoho, zabibu, viazi vitamu: 1.0
- Mahindi: 1.1
- Kabichi: 1.2
- Nyanya na matango: 1.7
- Mtende: 2.7
- Pamba: 5.1

Tukirudi kwenye kisima chetu cha mfano chenye EC 1.5. Kwa hesabu za Maas na Hoffman, ambazo ndizo FAO inazitumia, maharage yatapoteza karibu asilimia 24 ya mavuno. Kitunguu asilimia 17, hoho kama 10, mahindi 7, kabichi 4. Nyanya haipotezi kitu. Kisima kilekile, shamba lilelile, na faida inategemea ulichopanda. Anayelima kitunguu hapo anaacha karibu gunia 17 kwenye kila gunia 100, kila msimu, huku akilaumu mbegu.

Kusukuma chumvi chini

Ile chumvi inayobaki lazima uisukume ipite chini ya mizizi kwa kumwagilia zaidi kidogo ya mahitaji ya mmea. Kiasi cha ziada kinahesabiwa hivi: chukua EC ya maji, gawanya kwa (5 mara EC ya udongo ambayo zao linaivumilia, toa EC ya maji). Nyanya huvumilia udongo wa 2.5, na kitunguu 1.2.

Nyanya: 1.5 ÷ (12.5 − 1.5) = 0.14. Asilimia 14 ya maji yote unayotoa iwe ya kusukuma chumvi.

Kitunguu: 1.5 ÷ (6 − 1.5) = 0.33. Theluthi nzima!

Igeuze iwe hela sasa. Zao likihitaji milimita 5 kwa siku, ekari moja ni kama lita 20,000. Kwa nyanya utatoa kama lita 23,500. Kwa kitunguu lita 30,000. Hayo maji ya ziada ni dizeli, au ni paneli za sola za kuongeza. Yaingize kwenye bajeti kabla hujapanda.

Na ujanja huu unafanya kazi tu pale udongo unapopitisha maji. Chimba shimo la mita moja hivi. Kama chini kuna tabaka gumu au maji yamesimama, ukimwagilia zaidi unapandisha chumvi badala ya kuishusha. Tafuta mtaro wa kutolea maji kwanza.

Swali la pili: sodiamu

Hapa ndipo wengi wanapigwa, kwa sababu EC inaweza kuonekana nzuri. Sodiamu ikizidi, chembe za mfinyanzi zinaachana. Udongo ukilowa unakuwa uji, ukikauka unakuwa saruji. Maji yanasimama juu wakati chini ni kukavu.

Kipimo chake kinaitwa SAR. Maabara ikikupa namba kwa miligramu kwa lita, zigeuze kwanza kuwa miliekwivalenti: sodiamu gawanya kwa 23, kalsiamu kwa 20, magnesiamu kwa 12.2. Kisha gawanya sodiamu kwa kipeuo cha pili cha nusu ya jumla ya kalsiamu na magnesiamu. Yaani jumla igawe kwa 2, halafu bonyeza kile kitufe cha √ kwenye kikokotoo.

Mfano: sodiamu 230, kalsiamu 60, magnesiamu 24.4. Ukigeuza unapata 10, 3 na 2. Tatu na mbili ni 5, nusu yake 2.5, ukibonyeza √ unapata 1.58. Kumi gawanya kwa 1.58 ni 6.3. Hiyo ndiyo SAR.

SAR haisomwi peke yake, inasomwa pamoja na EC:

- SAR 0 hadi 3: salama EC ikizidi 0.7, hatari kubwa ikiwa chini ya 0.2.
- SAR 3 hadi 6: salama ikizidi 1.2, hatari kubwa chini ya 0.3.
- SAR 6 hadi 12: salama ikizidi 1.9, hatari kubwa chini ya 0.5.
- SAR 12 hadi 20: salama ikizidi 2.9, hatari kubwa chini ya 1.3.

Umeona ajabu yake? Kwa sodiamu ileile, maji yenye chumvi kidogo zaidi yanaharibu udongo haraka zaidi, kwa sababu chumvi nyingine ndizo zinazoshikilia chembe zisiachane. Ndiyo maana shamba linaweza kuonekana zima kiangazi chote, mvua ya kwanza ikinyesha linaganda. Maji ya mvua karibu hayana chumvi, na sodiamu ilikuwa inasubiri hapo. Ukiona madimbwi yanakaa siku mbili pale ambapo zamani maji yalizama saa hiyohiyo, usisubiri, pima.

Kisima chetu cha mfano kina SAR 6.3 na EC 1.5. Kipo kwenye tahadhari: kinatumika, lakini udongo upimwe kila mwaka.

Kwenu wa maeneo ya volkano, ongeza hesabu moja. Jumlisha kaboneti na bikaboneti, kisha toa jumla ya kalsiamu na magnesiamu, zote kwa miliekwivalenti. Bikaboneti igawe kwa 61 na kaboneti kwa 30. Jibu likiwa chini ya 1.25 ni salama, kati ya 1.25 na 2.5 ni la mashaka, zaidi ya 2.5 hayafai bila matibabu. Sababu ni kwamba bikaboneti inaigandisha kalsiamu kuwa chokaa, na sodiamu inabaki inatawala peke yake.

Swali la tatu: sumu kwa mmea

Kloridi: kwa umwagiliaji wa chini, chini ya miliekwivalenti 4 kwa lita ni salama, zaidi ya 10 ni hatari. Ili kupata miliekwivalenti, gawanya miligramu kwa 35.5. Ukimwagilia kwa mvua bandia, majani yanaungua kuanzia 3, kwa sababu yanafyonza moja kwa moja. Kama huna jinsi, mwagilia usiku au alfajiri, wala usimwagilie kidogokidogo mara nyingi juani.

Boroni: mmea unaihitaji kwa kiasi kidogo sana, ikizidi ni sumu. Chini ya miligramu 0.7 kwa lita hakuna shida, zaidi ya 3 ni tatizo kubwa. Boroni ni ngumu kusukuma chini kuliko chumvi nyingine, kwa hiyo usiipuuze.

Naitreti ni habari ya pande mbili. Ni mbolea ya bure. Maji yenye miligramu 10 za naitrojeni kwa lita, ukitumia mita za ujazo 2,000 kwa ekari, yanaleta kilo 20 za naitrojeni. Hiyo ni karibu mfuko mmoja wa urea wa kilo 50. Punguza mbolea yako. Lakini kitunguu kikiendelea kupata naitrojeni mpaka mwishoni, shingo zinakuwa nene, hakikomai kwa wakati na hakitunziki. Soma vizuri ripoti: ikisema "naitreti" bila kutaja naitrojeni, gawanya kwa 4.43 kwanza.

Swali la nne: dripu itaziba?

Chuma kikiwa chini ya miligramu 0.1 kwa lita, uko salama. Kikizidi 1.5, vitobo vitajaa ute wa rangi ya kutu. Manganizi hali kadhalika. pH ikiwa juu ya 8 pamoja na bikaboneti nyingi, chokaa nyeupe inaganda kwenye vitobo. Jaribio la nyumbani: jaza chupa nyeupe maji ya kisima, iache wazi hadi kesho. Yakigeuka rangi ya chungwa, una chuma.

Tiba ya chuma ni hewa. Pampu imwage maji kwa kurusha ndani ya tenki la wazi, yakae, chuma itulie, kisha chukua maji ya juu na kuyachuja kabla ya kuingia kwenye mipira. Chokaa inatibiwa kwa asidi, na hiyo fanya ukiwa na mtaalamu. Kumbuka daima: asidi ndiyo inatiwa kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye asidi.

Majibu yamekuja mabaya, nifanyeje?

Usikate tamaa mapema, wala usijilipue. Pitia njia hizi:

*Badili zao.* Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Rudi kwenye ile orodha.

*Changanya maji.* Ukiwa na bwawa la mvua lenye EC 0.2 na kisima chenye 2.4, nusu kwa nusu unapata 1.3. Sehemu moja ya kisima kwa mbili za bwawa unapata kama 0.9. Maji mazuri yatunze kwa ajili ya kitalu na wiki za mwanzo baada ya kupandikiza, wakati miche mingi ni dhaifu.

*Tumia jasi.* Kwa tatizo la sodiamu, jasi inaleta kalsiamu inayoing'oa sodiamu, halafu maji ya ziada yanaisukuma chini. Tanzania tunayo jasi, kwa mfano Makanya wilayani Same na Itigi mkoani Singida. Kiasi cha kuweka kinatoka kwenye kipimo cha udongo, usikisie. Na jasi haiondoi chumvi ya jumla wala kloridi. Kama tatizo lako ni hilo, utakuwa unaongeza chumvi juu ya chumvi.

*Simamia dripu.* Dripu inasukuma chumvi pembeni mwa eneo lililolowa. Usiache udongo ukauke kabisa katikati ya siku za kumwagilia, maana chumvi inarudi kwenye mizizi. Mvua ndogo ya kwanza ikinyesha, washa dripu iendelee, la sivyo mvua itaiosha chumvi ya juu kuipeleka kwenye mizizi. Wengi hili hawalijui.

*Lisha udongo.* Samadi iliyooza na matandazo hupunguza mvukizo na kufungua udongo. Angalia tu samadi yenyewe isiwe ya zizi lenye chumvi nyingi.

*Acha.* EC ikizidi 3, sodiamu iko juu, udongo ni mfinyanzi mzito na mtaro haupo, basi eneo hilo si la mboga za biashara. Kodi shamba kwingine. Kupoteza pesa ya kuchimba kunauma, lakini kupoteza pesa ya kuchimba, dripu, mbegu, misimu mitatu na udongo wenyewe kunauma zaidi.

Hujachimba bado? Una bahati

Tembea na kalamu ya EC kwenye visima vyote vya majirani, uandike kina na majibu ya kila kimoja. Ndani ya siku moja utakuwa na picha ambayo hakuna mganga wa maji atakupa. Ulizia visima vilivyotelekezwa na sababu yake. Nenda Bodi ya Maji ya Bonde lako. Nchi yetu ina mabonde tisa, na kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, matumizi ya maji ya namna hii yanahitaji kibali. Ukiwa hapo waombe kumbukumbu za visima vya eneo lako.

Kwenye mkataba na mchimbaji, andikeni kwamba sampuli itachukuliwa mwishoni mwa jaribio la kuvuta maji, kabla ya malipo ya mwisho. Na mipira ya dripu usiinunue mpaka majibu yawe mkononi.

Jambo moja la afya. Vibarua wako watakunywa maji hayo, utake usitake. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa floraidi miligramu 1.5 kwa lita na naitreti miligramu 50. Kisima kikizidi hapo, weka ndoo ya maji mengine shambani, na waambie watu kwa nini.

Mwisho, nunua daftari la shilingi chache tu. Kila mwezi andika EC ya kisima, tarehe na kina cha maji. Ukiona EC inapanda mwezi hadi mwezi, hasa pwani, punguza saa za kuvuta mapema. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari, na maji ya ardhini ni mali usiyoiona kwa macho.

Ukipata majibu ya maabara na hujaelewa namba, beba karatasi hiyo nenda kwa afisa ugani wa kata yako, mkae nayo mfanye hizi hesabu pamoja kabla hujapanda. Msimu mwema.